Homa ya Usiku Baada ya Kulehemu Alumini: Soma Kabla Hujawasha Gesi

Ni mimi tena, dada yenu muuguzi. Kwa wageni wa ukurasa huu wa afya: uuguzi nilijifunza kwanza nyumbani Tanzania, kisha nikarudi darasani upya hapa Uingereza kabla ya kuruhusiwa kugusa mgonjwa, na kwa miaka mingi sasa nafanya kazi kitengo cha dharura. Tumezoea kuzungumza hapa juu ya presha, kisukari na chanjo za watoto. Leo somo letu ni kazi ya fundi bati. Msicheke, mtaona wenyewe jinsi kazi hiyo inavyofika hospitalini.

Kuna vijiti vinauzwa sana kwenye intaneti vya kulehemu alumini. Vinafanana na waya mnene wa kijivu, pakiti moja haina bei kubwa, na video zake zinamwonyesha mtu akiziba tundu kwa kichomeo kidogo cha gesi huku akitabasamu kana kwamba anapaka siagi kwenye mkate. Wanaume wetu wamevipenda mno (na kina dada wapo, nawafahamu wawili). Mtu ana ngazi iliyopasuka, radiata inayovuja, fremu ya dirisha, sufuria. Fundi wa huku anataka fedha zaidi ya bei ya kitu chenyewe. Na sisi tumetoka mahali ambapo kitu hakitupwi mpaka kimeshindikana kabisa. Hilo mimi silaumu hata kidogo, marehemu baba yangu alikuwa hivyo hivyo.

Vijiti hivyo si utapeli, vinafanya kazi vikitumiwa vizuri. Lakini moshi wake una tabia zake, na moja ya maradhi yanayotokana nao linafanana sana na malaria. Kwa watu wanaotoka kwetu, kufanana huko kunaweza kuleta makosa ya aina mbili, na yote mawili nimeyaona.

KWANZA TUKIJUE KIJITI

Alumini huyeyuka kwenye nyuzi 660 za Selsiasi. Vijiti hivi vingi ni zinki iliyochanganywa na alumini kidogo, na huyeyuka kwenye nyuzi 380 hadi 400 hivi (kwa mlioko Marekani, kama 720 hadi 750 za Farenhaiti). Kwa hiyo kijiti kinayeyuka wakati chombo chako bado kigumu, na hiyo ndiyo siri yote ya biashara.

Tatizo la alumini ni kwamba ina ngozi nyembamba isiyoonekana kwa macho, inayotokana na hewa, na ngozi hiyo haiyeyuki mpaka joto lipite nyuzi 2000. Ndiyo maana fundi anasugua kwanza kwa brashi ya waya usioshika kutu, kisha anakwaruza tena chini ya kijiti kilichoyeyuka ili kishike. Na ndiyo maana unatakiwa kupasha moto chombo, usipashe kijiti. Unapasha chombo kwa upande wa nyuma, unaondoa moto, unagusa kwa kijiti. Kikiyeyuka chenyewe kwa joto la chombo, joto limetosha. Kisipoyeyuka, unarudisha moto kwenye chombo.

Hapo ndipo ufundi na afya vinapokutana. Mtu asiye na subira huchoma kijiti chenyewe kwa ulimi wa moto kidondoke kama nta ya mshumaa. Kazi yake haishiki. Halafu, zinki huchemka kwenye nyuzi 907, na moto wa gesi ni mkali kuliko hapo kwa mbali. Zinki ikichemka inaungana na hewa na kutoa moshi mweupe, mwepesi kama unga. Ukiuona moshi huo mweupe ujue umezidisha moto, na ujue pia kwamba umeshauvuta.

SIMU YA SAA TANO USIKU

Majira ya baridi ya mwaka juzi nilipigiwa simu na dada mmoja wa jumuiya yetu. "Dada, samahani kwa kukuamsha, shemeji yako anatetemeka, jino linagonga jino, mablanketi matatu hayatoshi." Nikauliza homa. Ilikuwa 39. Kichwa, viungo, kiu, kifua kinabana. Nikauliza lini alikuwa nyumbani. Akasema walirudi kutoka Tanga wiki sita nyuma. "Ni malaria tu dada, nimeshampa dozi ya kwanza ya dawa ya mseto niliyokuja nayo. Nakuuliza tu kama anaweza kunywa na maziwa."

Niliwaambia waende hospitali usiku ule ule. Huko shemeji aliulizwa alikuwa wapi na alikuwa akifanya nini, akajibu, "Nilikuwa nyumbani tu." Kipimo cha malaria hakikuona kitu. Chembe nyeupe za damu zilikuwa juu, picha ya kifua safi. Wakafikiria mafua makali, wakafikiria maambukizo ya damu, wakamlaza, wakampa dawa za mshipani. Asubuhi ya pili homa ilikuwa imekwisha kama haikuwahi kuwapo.

Nilipokwenda kumtazama ndipo nikaiona garaji. Mlango umefungwa sababu ya baridi, kitambaa kimezibwa chini ya mlango upepo usiingie, na katikati limekaa sufuria kubwa la alumini la jumuiya, lile tunalopikia pilau kwenye harusi na khitma, limezibwa ufa wake. Shemeji alikuwa amekaa na kichomeo humo ndani kuanzia adhuhuri hadi karibu magharibi. Nikamuuliza mbona hukuwaambia madaktari? Akanyamaza kidogo. Kumbe huwa anatengenezea watu vitu vyao kwa fedha za mkononi, na aliogopa kwamba akilisema hilo litaandikwa mahali.

HOMA HIYO NI NINI

Ni homa ya mafusho ya chuma. Mafundi wa kuchomelea wanaijua tangu zamani, na wengine huiita homa ya Jumatatu, kwa sababu mwili wa anayevuta mafusho kila siku unazoea kidogo, akipumzika mwisho wa wiki mazoea yanatoka, akirudi kazini Jumatatu anaugua usiku wake. Wewe unayelehemu mara moja kwa miezi mitatu kila siku yako ni Jumatatu.

Huanza saa 4 hadi 10 hivi baada ya kuvuta moshi. Ndiyo maana watu hawaunganishi mambo: mtu amelehemu mchana, ameoga, amekula, ameangalia mpira, homa inamkuta kitandani. Dalili zake ni ladha ya chuma mdomoni, koo kavu, kiu, baridi na kutetemeka, homa, maumivu ya misuli na kichwa, kikohozi kikavu, kifua kubana. Kwa kawaida huondoka yenyewe ndani ya saa 24 hadi 48. Haina dawa maalumu. Mgonjwa anapumzika, anakunywa maji, anatuliza homa kwa parasetamoli kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti.

Na maziwa? Nyumbani tumekua tukiona wapaka rangi na wachomeleaji wakinywa maziwa kwamba "yanaondoa sumu", na baadhi ya waajiri huyatoa kama sehemu ya kazi. Maziwa ni chakula kizuri, kunyweni. Lakini moshi uliingia mapafuni, na maziwa yanakwenda tumboni, njia zao hazikutani. Ubaya wa maziwa haya ni kwamba humpa mtu moyo wa kubaki ndani ya moshi.

Sasa yale makosa mawili.

Kosa la kwanza ni kuamua mwenyewe kwamba ni malaria na kumeza dawa ya kabatini. Unaharibu dawa na unapoteza muda, na kama moshi uliovuta ni wa aina mbaya zaidi (nitaieleza sasa hivi), muda huo ni wa thamani.

Kosa la pili naliogopa zaidi. Mtu akishasoma makala kama hii anaweza kusema, "Aa, ni moshi tu, kesho itaisha," kumbe ni malaria kweli. Waliokaa ulaya miaka mingi kinga waliyokulia nayo imepungua, na hapa Uingereza sehemu kubwa ya wanaougua malaria ni watu wenye asili ya Afrika waliokwenda kutembelea jamaa zao. Kwa hiyo kama umetoka nyumbani ndani ya mwaka mmoja uliopita, na hasa miezi mitatu ya karibuni, homa yoyote inapimwa damu siku ile ile. Hata kama umelehemu mchana kutwa. Mkeo yule wa simu alikuwa na haki ya kuiogopa malaria, kosa lake lilikuwa kuitibu bila kipimo.

Na ukifika hospitali sema yote mawili: nilisafiri lini, na leo nimefanya kazi gani kwa mikono yangu. Kama pakiti ya vijiti ipo, njoo nayo au ipige picha, maandishi yake yanatueleza kuna madini gani. Sisi wauguzi hatuulizi ili tukupeleke kwa mtu wa kodi. Tunauliza tujue mapafu yako yamekula nini. Matibabu ya kitengo cha dharura hapa Uingereza hayalipishwi kwa mtu yeyote. Marekani kuna sheria ya mwaka 1986 inayozilazimu hospitali nyingi zenye kitengo cha dharura kumpima na kumtuliza mgonjwa wa dharura hata kama hana uwezo wa kulipa, ingawa bili inaweza kuja baadaye, sitawadanganya.

MOSHI USIOSAMEHE

Homa ya zinki inasamehe. Kuna aina nyingine za moshi ambazo hazisamehi, nazo huanza kwa upole ule ule.

Ya kwanza ni kadimiamu. Madini haya yalitumika sana katika vijiti vya kulehemu vyenye fedha, vile vya mabomba na friji, kwa sababu humfanya kijiti kutiririka vizuri. Umoja wa Ulaya ulivizuia mwaka 2011, lakini vijiti vya zamani bado vimelala kwenye masanduku ya zana yanayouzwa mitumba, na unaponunua kitu kisicho na jina kutoka mbali hujui kilichomo. Moshi wa kadimiamu huleta homa na kifua kama ile ya zinki, kisha badala ya kupungua, siku ya pili au ya tatu mapafu yanajaa maji. Watu wamekufa hivyo. Alama ya kuangalia ni moja: homa ya zinki kila saa zinavyokwenda unapata nafuu. Ukiona pumzi inazidi kuwa fupi, piga simu ya dharura, usingoje asubuhi.

Ya pili inatokana na usafi. Chombo lazima kiwe safi kisilehemiwe na mafuta, hilo kweli, na wengi wa mafundi wa magari hushika kopo la dawa ya kupuliza ya kusafishia breki. Baadhi ya dawa hizo zina klorini. Zikipata moto hutoa gesi iitwayo fosijeni, ambayo ilitumika kuua askari katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Unaivuta, unakohoa kidogo, unajiona mzima, na saa nyingi baadaye mapafu yanajaa maji. Safisha kwa maji ya moto na sabuni, suuza, kausha kabisa. Basi.

Ya tatu ni mabomba ya eyakondishini ya gari au ya nyumba, ambayo ni ya alumini na yanapasuka, na ndugu zetu wa Muscat na Dubai najua eyakondishini kwenu si anasa. Gesi ya baridi ikibaki ndani na ikapigwa na moto hubadilika kuwa tindikali kali ya kuunguza mapafu. Mabomba hayo pia yanabeba mgandamizo. Kazi hiyo mwachie mwenye cheti na mashine ya kuivuta gesi yote kwanza.

Baadhi ya vijiti vina unga ndani yake, au huuzwa na unga pembeni, wa kula ile ngozi ya alumini. Unga huo mara nyingi una floridi, na moshi wake hukera macho, pua na koo. Mwenye pumu akae mbali kabisa. Osha mikono kabla ya kushika chakula au sigara (sigara ni bora uiache, ila hiyo ni makala nyingine).

Je, barakoa husaidia? Zile za bluu zilizobaki tangu wakati wa korona hazisaidii chochote hapa. Zipo barakoa za mafundi, zenye alama ya P100 huko Marekani na FFP3 huku Uingereza na Ulaya, hizo huzuia chembe za moshi wa zinki zikikaa sawasawa usoni. Ndevu huziachia mwanya, na sisemi watu wanyoe, nasema wenye ndevu wasizitegemee. Na hakuna hata moja kati ya hizo inayozuia gesi ninayoitaja sasa.

GESI ISIYO NA HARUFU

Moto wowote unaowaka mahali palipofungwa hutoa kaboni monoksidi, na moto unaopiga kwenye chuma baridi huwaka vibaya na kutoa nyingi zaidi. Haina rangi wala harufu. Inachukua nafasi ya oksijeni kwenye damu. Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, usingizi, mtu kuongea kama amelewa. Tofauti na homa ya zinki, hii haina homa, na inakujia ukiwa bado kazini. Kama garaji imeungana na nyumba, mama na watoto walioko jikoni wanaumwa kichwa pamoja nawe. Mjamzito na mtoto wake tumboni wako hatarini kuliko wote.

Ukihisi hivyo, zima, toka nje wote, piga simu ukiwa nje. Namba ni 999 Uingereza, 112 nchi za Ulaya, 911 Marekani na Kanada, 9999 Oman, 998 kwa gari la wagonjwa katika Falme za Kiarabu. Na usidanganywe na kile kipimo cha kidoleni ambacho wengi tulinunua mwaka 2020. Hakijui tofauti ya damu iliyobeba oksijeni na iliyobeba kaboni monoksidi, kitakuandikia 99 huku unazimia.

Kazi hii mahali pake ni nje, upepo ukitokea nyuma au ubavuni mwako, kichwa kisiwe juu ya moshi. Kama ni baridi vaa koti, usifunge mlango. Na kama ni joto, kama kule Oman ambako kuanzia Juni hadi Agosti sheria inakataza kazi za nje juani kati ya saa 6:30 na 9:30 mchana, basi fanya alfajiri. Mtungi wa gesi usiachwe ndani ya gari juani. Tena gesi ya propeni ni nzito kuliko hewa, ikivuja inatambaa sakafuni na kukaa mabondeni. Wenzetu wa Marekani wenye chumba cha chini ya nyumba chenye mashine ya kuchemshia maji, msiweke mtungi humo.

ALUMINI HAIBADILIKI RANGI

Chuma cha kawaida kikipata moto kinakuwa chekundu, macho yanakuonya. Alumini haikuonyi. Ikiwa na nyuzi 20 au 500 inang'aa vile vile. Na inasafirisha joto upesi, kwa hiyo unapasha upande huu, mpini wa upande wa pili unaungua. Viganja vilivyoshika alumini nimeviosha vingi kuliko mnavyodhani, na cha kuumiza zaidi kilikuwa cha mtoto wa miaka mitatu aliyekuja kuona baba anafanya nini. Baba alikuwa ameshazima moto dakika kumi nyuma. Chombo kilicholehemiwa kiwekwe mahali ambapo mtoto hafiki, na kiandikwe kwa chaki MOTO.

Mavazi yawe ya pamba au ngozi. Nguo za kung'aa za michezo huyeyuka na kugandana na ngozi ya mtu, na kuzibandua ni kazi yetu inayotutoa machozi. Glovu za ngozi, viatu vya kufunika, miwani ya kukinga macho. Kanzu, kanga na ncha za mtandio hazikai vizuri karibu na moto, zivuliwe au zifungwe ndani.

Ukiungua: maji ya bomba ya baridi ya kawaida yakitiririka dakika 20. Ishirini kamili, tazama saa. Wakati huo huo vua pete, bangili na saa kabla mkono haujavimba. Nguo iliyogandana usiivute. Kisha funika kwa ile plastiki nyembamba ya jikoni ya kufunikia chakula, ilaze juu, usiizungushe kwa kubana. Dawa ya meno, yai, asali, mafuta ya taa, barafu, vyote hivyo viacheni. Najua bibi alitumia asali, na hospitali zina asali yake iliyosafishwa kwa ajili ya vidonda, lakini ya jikoni hapana. Moto wa usoni, mikononi, sehemu za siri, au malengelenge makubwa kuliko kiganja cha mgonjwa, nenda hospitali. Ulizia na chanjo ya pepopunda ulichoma lini.

Usilehemu kamwe tangi lililowahi kuwa na petroli, hata kama umeliosha mara tatu. Usilehemu kitu chenye uwazi uliozibwa pande zote, hewa na maji ya ndani yatakilipua. Rimu za gari na presha kuka ziacheni pia, hapo mnahatarisha na roho za wengine.

SUFURIA LETU

Sasa nirudi kwenye sufuria, maana hapo ndipo niliponuniwa.

Shemeji alipopona, sufuria lilipelekwa ukumbini likasifiwa. Kiraka kilikuwa kizuri kweli, hakivuji. Nikasema lisipikiwe. Mzee mmoja aliniambia, "Mwanangu, sisi tumelelewa na masufuria ya viraka." Nikamjibu kwa heshima, Shikamoo baba, viraka vya zamani nyumbani mara nyingi vilikuwa vya alumini kwa alumini, vya kupigiliwa, hiki ni zinki.

Zinki inaliwa na vitu vichachu. Nyanya, ndimu, ukwaju, siki, maziwa ya mgando. Chakula kichachu kikikaa kwenye zinki huichukua, na aliyekula hutapika na kuharisha ndani ya saa chache. Ndiyo sababu togwa au juisi ya ukwaju haiwekwi kwenye ndoo ya bati. Vijiti hivi havikutengenezwa kwa ajili ya chakula, na vile visivyo na jina vinaweza kuwa na risasi ndani yake, ambayo huharibu ubongo wa mtoto bila dalili yoyote ya mapema. Risasi na masufuria ni jambo linaloangaliwa sana sasa: katika jimbo la Washington, Marekani, wataalamu wa afya wa eneo la Seattle waliipata kwenye vyombo vya alumini vya familia za wakimbizi wa Afghanistan, na mwaka 2024 jimbo likatunga sheria ya kuizuia kwenye vyombo vya kupikia.

"Basi tupikie wali mweupe tu," akasema mwingine. Zinki hulegea kabla haijafika kuyeyuka, ndugu zangu. Sufuria likisahauliwa jikoni likauka, sehemu za chini zinaweza kupita nyuzi 400 na kiraka kikaachia. Na mpini uliolehemiwa hivyo ukibeba pilau la watu mia linalofuka, ukakatika mikononi mwa vijana wawili, hao wanakuja kwangu usiku.

Kama wewe tayari umepikia kwenye chombo kilichozibwa hivyo, usitaharuki. Acha kukitumia. Kama una watoto wadogo au mjamzito nyumbani, mwambie daktari wako, kipimo cha damu cha risasi ni rahisi. Marekani mnaweza kupiga namba ya bure ya ushauri wa sumu, 1-800-222-1222, saa yoyote, na huomba mkalimani ukimtaka. Uingereza pigeni 111.

Sufuria letu lilikuja na kontena kutoka Dar es Salaam, na lilipika chakula cha msiba wa mtu wa kwanza kufariki katika jumuiya yetu. Sikuwa na moyo wa kusema litupwe. Liko stoo ya ukumbi, linatunzia sahani na vijiko. Shemeji ndiye aliyepitisha daftari la mchango wa jipya, na bado analehemu, siku hizi uani, mlango wa garaji ukiwa wazi nyuma yake.